Madumu Manne

Fomu zilikuwa ishirini, moja kwa kila siku ya masomo, na katika kila moja mpishi wa shule alikuwa amedanganya.

Hakudanganya kwa ubaya. Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Gramu kwa jinsi alivyopenda kupima kila kitu, alikuja jikoni asubuhi moja amekumbatia bunda la karatasi, akasema shule inatengeneza sera ya lishe bora. Sera ya shule nzima, alisema, kuanzia masufuria ya jikoni hadi kibanda cha biskuti pale getini. "Ila kabla hatujaandika tunataka kwenda wapi, lazima tujue tuko wapi. Kila siku andika umetumia mafuta kiasi gani, chumvi kiasi gani, sukari kiasi gani. Usiwe na wasiwasi, mama. Huu si mtihani."

Mpishi alikuwa na miaka arobaini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa kitu si mtihani kisiwe mtihani. Alifuta mikono kwenye aproni, akapokea karatasi kwa mikono miwili, akasema ahsante. Mwalimu hajafika hata mlangoni, yeye alishaanza kujiuliza ni nani amemchongea.

Maneno yalikuwepo. Ilisemekana shule ya ng'ambo ya barabara kuu ilianza hivi hivi, kwa karatasi na tabasamu. Mwishowe jiko likapewa kampuni yenye gari jeupe, na wapishi wanne wakaambiwa ahsanteni kwa huduma yenu. Wanatafuta sababu, mpishi alijisemea, na mimi sitawapa.

Kwa hiyo kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa mezani na binti yake wa darasa la sita. Mwandiko wa mpishi ulikuwa wa kuku. Wa binti ulikuwa wa kupigiwa mfano.

"Mafuta?" binti aliuliza siku ya kwanza, kalamu ikiwa hewani.

"Lita nne."

"Lakini mama, si ulisema lita nane? Jana tu ulilalamika dumu la lita ishirini halimalizi hata siku tatu."

"Andika nne. Wewe hapa ni karani au hakimu?"

Binti akaandika nne. Siku ya pili hakuuliza tena, na hadi mwisho wa mwezi lita nne zilikuwa zimejipanga kwenye karatasi ishirini, safi, bila kufutwa hata mahali pamoja. Mpishi akazipeleka kwa Bwana Gramu huku moyo umetulia. Alikuwa amesahau jambo moja ambalo hata mtoto angelikumbuka: stoo nayo ina kitabu chake.

*

Kikao kilifanyika Jumatatu kwenye maktaba, maana chumba cha walimu kilikuwa kinapakwa rangi. Viti vya watu wazima vilikuwa vinne. Vikakaliwa na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa wazazi, ambaye alikuwa na duka la dawa na alipenda watu wakumbuke hivyo, Bwana Gramu, na mtunza stoo, mzee mkavu aliyefanya kazi na mpishi kwa miaka kumi na miwili. Mpishi alisogezewa kiti cha darasa la kwanza. Akakaa, magoti yakamfika kifuani, na kuanzia hapo ilibidi amtazame kila mtu kwa kuinua uso.

"Kwa wiki nne," Bwana Gramu alianza, "fomu zinaonyesha jiko limetumia lita themanini za mafuta. Niseme kweli, nilifurahi. Nilishaanza hata kuwatangazia wenzangu kwamba kwa upande wa mafuta hatuna tatizo." Alifungua kitabu chenye jalada jeusi, na uso wake ukabadilika. "Kitabu cha stoo kinasema jiko limechukua madumu manane. Lita mia moja na sitini."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Madumu manne yako wapi, mama?"

Ukweli ulikuwa umemfika mpishi kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kuusema na ungeisha kwa aibu ya dakika tano. Lakini ukutani mbele yake palikuwa na picha kubwa ya moyo uliozibwa na mafuta ya rangi ya njano, na si dakika kumi zilizopita mwenyekiti wa wazazi alikuwa amegonga meza akisema jiko linalowaua watoto polepole lifungwe, watafutwe watu wanaojua kazi. Lita nane kwa siku. Atasemaje lita nane chini ya ile picha?

"Mimi sikai na funguo," alisema. "Muulizeni mwenye funguo."

Mtunza stoo aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoitegemea. "Mama Mwiko," alisema, kwa lile jina ambalo watoto walimpa mpishi na ambalo watu wazima walilitumia wakiwa na furaha tu, "miaka kumi na miwili nakupimia, unatia sahihi, tunaachana kwa heri. Leo unanifanyia hivi mbele za watu?"

Mpishi alitazama magoti yake.

"Mmoja kati yenu anajua," alisema mwenyekiti wa wazazi. "Au mnajua wote wawili."

Hilo la wote wawili lilizunguka chumbani likakaa kila mahali. Mwalimu mkuu aliamua kwamba wote walete maelezo kwa maandishi Ijumaa. Hadi siku hiyo mwalimu wa zamu angeshinda jikoni, na funguo za stoo zingelala ofisini kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Ikithibitika ni wizi, alisema kwa upole, shule haitakuwa na njia nyingine ila kwenda polisi.

Jioni ile mpishi alitoka na ndoo yake ya ukoko. Kwa miaka yote mlinzi wa geti alikuwa akimtania tu: kuku wako leo wanakula pilau au nini? Siku hiyo hakutania. Aliomba ndoo iwekwe chini, akaokota kijiti, akakoroga ukoko hadi chini kabisa, wakati wazazi waliokuja kuchukua watoto wamesimama wakitazama. Kijiti kilitoka na punje za wali.

"Samahani, mama," mlinzi alisema bila kumtazama. "Nimeambiwa."

*

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi barazani, kwenye kigoda, miguu imezungukwa na viatu vya watu vilivyochoka. Mpishi alimweleza yote, na hakuficha hata lile la fomu. Fundi alisikiliza huku akichora mstari kwenye soli mpya kwa kalamu yake ya rangi ya fedha, ile aliyoichomeka juu ya sikio mchana kutwa kwa sababu wino wake ndio pekee unaoonekana juu ya ngozi nyeusi.

"Kwa hiyo ulitumia nane, ukaandika nne."

"Ndiyo."

"Na mafuta yote yaliingia kwenye sufuria."

"Yote. Watoto hawali maharage makavu. Nikipunguza wanamwaga, wakimwaga naambiwa sijui kupika."

"Sawa," fundi alisema. Alisema kama anavyomwambia mteja anayeahidi kulipa Jumamosi.

Mpishi aliisikia ile sawa ikamchoma, lakini alikuwa amechoka mno kuibishania. Fundi akakata soli, akaipuliza, kisha akashusha sauti.

"Sikiliza, mama watoto. Yule mzee ana pikipiki mpya. Watu wanamsema tayari. Wewe usiongeze neno. Andika kwamba unachukua unachopewa, hujui cha kitabu. Watamalizia wenyewe."

"Na kama hajachukua kitu?"

"Wewe umechukua?"

"Hapana!"

"Basi. Mtu lazima aanguke, na nyumba hii inalipiwa kodi na mshahara wako. Mimi mvua isiponyesha hakuna anayekumbuka kiatu chake."

Alisema kweli, na ndiyo sababu mpishi alilala akiwaza jinsi ya kuiandika. Akikiri, anafukuzwa kwa kuwalisha watoto mafuta na kudanganya kamati. Akikaa kimya, ama anafukuzwa yeye kwa wizi, ama anafukuzwa mzee. Jumanne aliandika mistari miwili akaichana. Jikoni mwalimu wa zamu alikaa kwenye stuli akisahihisha madaftari, na kila mpishi alipoinua kikombe cha mafuta, kalamu nyekundu ilisimama.

Mtunza stoo alimpimia mchele bila salamu. Zamani alikuwa akimwongezea kiganja kimoja, akisema hiki cha wageni. Sasa alipima, akafuta ukingo wa kopo kwa kidole, akaelekeza pa kutia sahihi.

Jumatano asubuhi binti alitoka chumbani na sare yake, begi mgongoni, miguu imepauka kama ametembea kwenye unga.

"Wewe, mbona hujajipaka mafuta?" mpishi aliuliza.

"Sitaki."

"Hutaki nini? Utaenda shule hivyo, watu waseme huna mama?"

"Nikijipaka wanasema nang'aa kwa mafuta ya shule." Binti alisema haraka, akitazama kamba za viatu vyake. "Jana walinigusa mkono, halafu wakanusa vidole. Wanasema nanukia maharage."

Barazani nyundo ya fundi ilinyamaza.

Mpishi alivuta kiti akakaa. Hasira aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya Bwana Gramu, ya mwenyekiti na ya yule mzee wa funguo ilikosa pa kwenda. Hakuna kati yao aliyemwambia mtoto aandike nne.

"Na wakiniita?" binti aliuliza. "Mwandiko ni wangu, mama. Bwana Gramu anaujua. Wakiniita nikaulizwa, niseme nini?"

"Sema ulichosikia hapa mezani."

"Chote?"

"Chote. Njoo nikupake."

Binti alirudi nyuma hatua moja. "Sio leo," alisema, akaondoka na miguu yake mikavu.

*

Ijumaa mpishi hakupeleka karatasi. Alifika alfajiri, akamwomba mwalimu wa zamu asimame karibu aone vizuri, kisha akapima mafuta lita nne, asizidishe hata tone. Akayaonyesha kama anayeapa.

"Leo napika kama fomu zinavyosema," alimwambia. "Tafadhali iambie kamati ije kula na watoto."

Alipika kwa moyo wake wote. Alikaanga vitunguu kwa subira, akaosha maharage mara tatu, akaonja chumvi, akafunika, akapunguza moto. Hakutaka mtu aseme ameharibu makusudi. Saa ya chakula kamati ilikaa kwenye meza ya pembeni mwa bwalo, mtunza stoo akiwa amesimama ukutani mikono nyuma, na watoto wakapanga foleni kwa kelele zao za kila siku.

Kelele zilianza kubadilika meza ya tatu. Mvulana mmoja alikoroga maharage kwa kijiko, akauliza kwa sauti, "Mama Mwiko anaumwa? Kapika nani leo?" Mwingine akasema haya ni ya hospitali. Sahani zikaanza kurudi zimeguswa kidogo, halafu zikarudi hazijaguswa kabisa, na pipa la mabaki likajaa hadi likaletwa la pili.

Bwana Gramu hakuweza kujizuia. Aliburuta pipa hadi kwenye mizani, akalipima, akafungua daftari lake mwenyewe. Alisoma ukurasa, akarudi nyuma ukurasa mwingine, kidole kikitembea chini.

"Nilipima mabaki mwezi mzima," alisema polepole. "Hayakuwahi kuzidi kilo sita kwa siku. Leo ni kilo thelathini na nane."

"Kwa hiyo?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Kwa hiyo chakula hiki sicho walichokuwa wanakula."

"Au leo kapika vibaya makusudi," alisema mwenyekiti wa wazazi.

Mpishi alichukua sahani safi, akapakua, akaiweka mbele yake. "Onja, baba."

Mwenyekiti alionja. Akaonja tena. Maharage yalikuwa yameiva, chumvi iko sawa, kitunguu kinasikika. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, na ulimi wake ulikijua hata kama hakupenda kukitaja.

"Nilitumia lita nane kila siku," mpishi alisema. Alikuwa amesimama, na safari hii wao ndio walioinua nyuso. "Niliandika nne kwa sababu niliogopa. Nilidhani mnatafuta sababu ya kuleta kampuni. Madumu yote manane yaliingia kwenye sufuria, na watoto wenu wameyala."

Mwalimu mkuu aligeuka kwenye foleni. Binti alikuwa mtu wa sita kutoka mwisho, sahani kifuani. Akaitwa. Wale walionusa vidole walikuwa mbele kabisa.

"Fomu uliandika wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mama alikutajia lita ngapi?"

"Nne."

"Na wewe ulijua ni ngapi?"

Binti alimtazama mama yake. Mpishi alitikisa kichwa kukubali, na kutikisa huko kulimuuma kuliko kikao chote cha Jumatatu.

"Nane," binti alisema. "Nilimuuliza siku ya kwanza tu. Akaniambia mimi si hakimu."

Mtu alicheka, akanyamazishwa. Mpishi alivuka bwalo hadi ukutani alikosimama mtunza stoo. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, lakini yalitoka machache.

"Nilikupaka matope na nilijua huna kosa. Nisamehe, mzee wangu."

Mzee alitoa mikono mgongoni. "Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemlazimisha.

Kamati ilirudi maktaba, ikakaa saa nzima. Bwana Gramu alikuwa amekasirika kwa namna yake ya utulivu: mwezi mzima wa hesabu zake ulikuwa wa kutupa. Hata hivyo ndiye aliyesema mpishi abaki. Sera isingepunguza kitu chochote, alieleza, kama ingeanzia kwenye namba ya kubuni; na mtu aliyefanya watoto mia nne wamalize maharage kwa miaka kumi na miwili ndiye anayeweza kuwazoesha kula yenye mafuta pungufu bila wao kushtuka. Wakaandika: lita saba muhula huu, sita muhula ujao, tano mwakani. Wakaandika kibanda cha getini kiuze matunda. Wakaandika pia, kwa pendekezo la mwenyekiti wa wazazi, kwamba mafuta yatolewe stoo kwa sahihi tatu, na kwamba mifuko na ndoo za wafanyakazi wa jikoni zikaguliwe kila jioni. Hicho kilikuwa kifungu cha tisa. Mpishi alipewa barua ya onyo na kalamu ya kutia sahihi, akatia, kwa mwandiko wake wa kuku.

Getini aliweka ndoo chini kabla hajaambiwa.

*

"Nilijua!" fundi alisema, akapiga paja. "Nilijua tu mke wangu si mwizi. Sikusema?"

"Hukusema," mpishi alijibu, lakini alikuwa akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Barua ya onyo ilikuwa ndani ya pochi, na kazi ilikuwa bado yake. Ndani binti alikuwa ameingia kuoga, akiimba, na kopo la mafuta ya kujipaka lilikuwa limetolewa kabatini, likisubiri kitandani.

Aliwasha jiko, akabandika sufuria. Alitaka kujizoesha kupima hata nyumbani, maana mkono uliozoea kumimina haubadiliki kwa barua. Akatoa kijiko cha chakula, akatoa chupa ya mafuta kabatini, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha aone imebaki kiasi gani. Hakuwahi kuitazama hivyo.

Pembeni mwa lebo kulikuwa na vijistari. Vilikuwa vifupi, vyembamba, vimenyooka sana, kimoja chini ya kingine kadiri mafuta yalivyoshuka. Vilikuwa vinne: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vya rangi ya fedha, vya mtu aliyekuwa akingoja kuona kama chupa itajazwa.

Alisimama na chupa mkononi hadi sufuria ikaanza kutoa moshi. Kijiti cha mlinzi alikuwa amekivumilia, na kiti cha darasa la kwanza, na kicheko cha bwalo. Hawa ni watu wa kazini, alijiambia siku zote, wana haki ya kutonijua. Aliondoa sufuria motoni, akatia vijiko viwili vya mafuta, viwili kamili, kisha akatoka barazani na chupa.

Fundi alikuwa akichora soli. Aliiona chupa, na kalamu ikabaki palepale juu ya ngozi.

"Leo vijiko viwili," mpishi alisema, akaiweka juu ya meza yake ya kazi, katikati ya misumari na gundi. "Chora."

"Mama watoto, mimi nilikuwa tu..."

"Chora, baba. Chora mwenyewe kwa mkono wako. Mimi si unajua huwa napunguza."

Binti alitokea mlangoni, ametoka kuoga, mikono na miguu inang'aa kwa mafuta. Aliwatazama wote wawili, akaitazama chupa, akaona mistari. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuelewa. Aligeuka, akachukua taulo, na walimsikia ndani akijifuta miguu.